Dhiraa ya Sayyidna Umar: Kipimo cha Ardhi na Haki za Watu

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Msomaji wa vitabu vya fiqhi na tarikh hukutana mara kwa mara na maneno dhiraa, qasaba, jaribu, mili na farsakhi. Wengi wetu huchukua hesabu moja ya mita na kuitumia kila mahali. Tunapenda kuonesha kuwa kufanya hivyo ni kosa, na kwamba ndani ya kosa hilo mna haki za watu na ibada zao.

Upimaji wa Sawad

Ilipofunguliwa Iraq katika ukhalifa wa Umar bin al-Khattab (r.a.) (13–23 H / 634–644), baadhi ya Sahaba waliona ardhi ya Sawad igawiwe wapiganaji. Umar (r.a.) aliona ibaki mikononi mwa wenyeji wake, nao watoe kharaji, ili Waislamu watakaokuja baadaye wapate fungu lao. Baada ya mashauriano, rai hiyo ndiyo iliyopita. Lakini kharaji haitozwi kwa kukisia. Akamtuma Uthman bin Hunaif (r.a.) kuipima ardhi, pamoja na Hudhaifa bin al-Yaman (r.a.).

Al-Mawardi (aliyefariki 450 H / 1058) anapokea katika al-Ahkam as-Sultaniyya kwamba Umar (r.a.) alichukua mkono mrefu, mfupi na wa kati, akaijumlisha na kuchukua thuluthi yake. Kisha akaongeza qabdha moja, yaani upana wa vidole vinne, na dole gumba lililosimamishwa. Ncha mbili za kipimo hicho zikatiwa muhuri wa madini ya risasi, kikapelekwa kwa wapimaji. Tuzingatie hekima yake: hakuchagua mkono wa mtu mmoja, na akakifunga kipimo ili asiwepo wa kukipunguza wala kukizidisha.

Dhiraa ipi?

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Qasaba ni dhiraa 6. Qasaba 10 ni ashli, yaani dhiraa 60. Jaribu ni ashli kwa ashli, yaani dhiraa za mraba 3,600. Imepokewa kuwa Sawad ilifikia majaribu 36,000,000, na kwamba jaribu la ngano lilitozwa dirhamu 4, la shayiri 2, na la mizabibu 10.

Mushkili ni dhiraa ipi. Al-Mawardi peke yake anataja dhiraa saba, ikiwemo ile nyeusi inayonasibishwa na Harun ar-Rashid, na hizo hazilingani urefu. Tukichukua dhiraa ya sentimita 46.2, ambayo wanavyuoni wengi wa zama zetu huitumia, upande wa jaribu ni mita 27.72 na eneo lake ni kama mita za mraba 768. Mtafiti wa Kijerumani Walter Hinz alichukua dhiraa ya sentimita 66.5, akapata mita za mraba 1,592. Urefu umezidi kwa chini ya nusu, lakini eneo limezidi mara mbili, kwa sababu katika ardhi kosa la urefu huzidishwa kwa nafsi yake. Sawad nzima inakuwa kilomita za mraba 27,700 au 57,300! Na kwa kuwa dhiraa ya Umar (r.a.) ni mkono wa wastani pamoja na nyongeza, basi dhiraa ya kawaida haifai kupimia Sawad.

Hitilafu ya lafudhi na ya maana

Si kila tofauti ya idadi ni khilafu ya kweli. Al-Fayyumi katika al-Misbah al-Munir anaeleza kuwa wa zamani walisema mili ni dhiraa 3,000, na waliofuata wakasema 4,000. Dhiraa ya wa kwanza ni vidole 32, na ya hao wengine ni vidole 24. Ukizidisha, zote mbili ni vidole 96,000.

Lakini an-Nawawi (aliyefariki 676 H / 1277) aliitaja mili kuwa dhiraa 6,000 za vidole 24. Hii ni tofauti ya maana. Masafa ya kupunguza Sala ni mili 48. Kwa dhiraa ya sentimita 46.2, mili ya dhiraa 4,000 inatoa takriban kilomita 89, na ya dhiraa 6,000 inatoa 133. Msafiri wa kilomita 100 amesimama katikati ya hizo mbili.

Nasaha yetu

Nasi watu wa Pwani tuna dhiraa konde, inayoishia kwenye ngumi, na dhiraa kamili, inayofika ncha ya kidole. Basi hati ya waqfu au ya mirathi ikitaja mikono bila kubainisha, kadhi aangalie ada ya mahali na zama zile, na mipaka inayoonekana: kisima, mti, ukuta wa jirani. Anayenakili hati aiache idadi ya asili kama ilivyo, aitaje aina ya dhiraa, ndipo aongeze mita. Mita peke yake ikiandikwa kimakosa, mtoto wa yatima aweza kupoteza shamba bila ya kuwepo mwizi. Sura ya al-Mutaffifin imewaonya wapunjao vipimo, na kamba ya kupimia ardhi ni kipimo.

Wallahu a'lam.