Mwanasesere Kabla ya Mgonjwa: Mafunzo ya Uuguzi kwa Kuigiza, Hadi Kigali

Taasisi ya Afya ya Kigali (KHI) ilianzishwa mwaka 1996, miaka miwili baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wauguzi wengi walikuwa wameuawa na wengine wamekimbilia uhamishoni, ilhali wagonjwa hawakuweza kusubiri. Baadaye uuguzi wa ngazi ya sekondari uliondolewa, na vyuo vya Byumba, Kabgayi, Kibungo, Nyagatare na Rwamagana vikaanza kutoa stashahada. Mwaka 2013 KHI iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Rwanda. Swali likabaki: mwanafunzi aanzie wapi kujifunza, ikiwa si kwenye mwili wa mgonjwa?

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1759 mfalme wa Ufaransa alimwagiza mkunga Madame du Coudray azunguke nchi nzima akifundisha. Alibeba kiuno cha mama na kitoto, vyote vimeshonwa kwa nguo na ngozi, na wanawake wa vijijini wakakizalisha kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 1911 wauguzi wa Hartford, Marekani, walipata mwanasesere wa kimo cha mtu mzima aliyeitwa Mrs. Chase. Mwaka 1960 mtengenezaji wa vinyago wa Norway, Asmund Laerdal, akatoa Resusci Anne, ambaye mafunzo ya kupulizia pumzi yanamtumia hadi leo.

Afrika Mashariki, mwanasesere aliyezoeleka sana ni NeoNatalie, mfano wa kichanga. Hujazwa maji ya vuguvugu hadi awe na uzito wa kichanga. Mkufunzi huminya vipira vidogo, na mwanasesere hulia, hupumua, au kitovu chake hudunda. Asipolia, mkunga ana dakika moja ya kumkausha, kumsisimua na kumpa hewa kwa mfuko na barakoa. Katika hospitali 8 za Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47 baada ya mafunzo haya.

Hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, iliongeza funzo zito. Semina ya siku moja iliwafanya wakunga wafaulu mbele ya mwanasesere, lakini wodini mambo hayakubadilika. Walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, hapo hapo kazini, ndipo vifo vya vichanga vilipopungua.

Kigali nayo imepokea mafunzo ya kuigiza kwa namna yake. Mwaka 2018 kozi ya siku 3 ya VAST, mafunzo ya kutoa dawa ya usingizi kwa kuigiza yaliyobuniwa kwa hospitali zenye vifaa vichache, ilijaribiwa Rwanda. Daktari, muuguzi na mtoa dawa ya usingizi hukabili dharura moja pamoja, kisha huketi kujadili nani alisema nini, nani alinyamaza, na kwa nini. Oktoba 2023 kituo cha IRCAD Africa kikazinduliwa Masaka, Kigali, kufundisha upasuaji wa matundu madogo.

Majengo ya kisasa ni fahari ya haki. Hata hivyo, Rwanda isipime maendeleo yake kwa bei ya mwanasesere. Kila wodi ya uzazi inastahili kuwa na kona ya mazoezi, mkufunzi aliyepangwa kwenye zamu, na dakika chache kila wiki ambazo hakuna mkuu wa kazi anayeruhusiwa kuzifuta.