Utunzaji wa kinywa wakati wa matibabu ya saratani

Ni uangalizi wa meno, ufizi na ulimi kabla, wakati na baada ya tibakemikali au mionzi. Kandokando ya Ziwa Victoria jambo hili lina uzito wa pekee: limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt wa Kampala mwaka 1958, mara nyingi huanzia kwenye taya la mtoto. Gego linalolegea bila kuoza lising'olewe tu na mambo yakaishia hapo. Mtoto apelekwe hospitali upesi. Kwa wakazi wa Manyatta, Kisumu, iliyo karibu ni Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado huiita “Russia”.

Dawa za saratani huua pia seli changa za utando wa kinywa, ndiyo maana vidonda hutokea siku kadhaa baada ya dozi. Mswaki laini uliolowekwa kwanza katika maji vuguvugu husaidia, pamoja na kusukutua kwa glasi ya maji yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Uji uliopoa humezeka; omena wa kukaanga hukwaruza. Meno mabovu hung'olewa kabla ya mionzi, kwa kuwa mfupa wa taya uliopigwa mionzi hupona kwa shida.