Marathoni, Mazoezi ya: Majeraha na Hali ya Hewa katika Mwambao wa Mara

Mazoezi ya marathoni ni maandalizi ya mwili kwa mbio za kilomita 42.195, ambayo kwa mkimbiaji wa kawaida huchukua miezi minne au zaidi. Katika mwambao wa Mara, kuanzia kisiwa cha wavuvi cha Rukuba kilicho katika Kata ya Etaro, kupita Majita na Musoma mjini hadi Butiama na Bunda, maandalizi hayo huandamwa na mambo mawili ambayo wakimbiaji huyazungumza kama jambo moja: hewa ya ziwani na miguu. Joto huchosha msuli, msuli uliochoka hubadilisha mwendo, na mwendo uliobadilika huumiza goti.

Hewa ya ziwani

Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mkimbiaji wa Rukuba au Musoma hana hewa nyembamba ya Mbulu wala ya Iten, Kenya, iliyo kwenye mita 2,400 hivi. Hata hivyo hakimbii katika uzito wa hewa ya Dar es Salaam. Joto la mchana hucheza karibu na nyuzi 28 mwaka mzima. Masika huwa Machi hadi Mei, vuli huja miezi ya mwisho wa mwaka, na kati yake kuna kiangazi cha Juni hadi Agosti, ambacho kwa mbio ndefu ndicho kipindi kizuri kuliko vyote.

Upepo una ratiba yake. Mchana huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, na pepo za pande zote hukutana juu ya maji na kuinua mawingu ya radi ambayo huweza kudumu hadi alfajiri. Alfajiri ndiyo saa ya mkimbiaji. Kisha kuna suala la jua lenyewe: Mara iko mbali magharibi ya Tanga lakini inafuata saa ileile, hivyo jua huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi. Anayeanza saa 11 ili amalize kabla ya joto hukimbia zaidi ya saa nzima gizani, juu ya mawe na mizizi, na huko ndiko vifundo vya miguu vinakoteguka. Anayesubiri mwanga hukutana na jua kali kufikia saa 3. Kuna pia wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi. Wakimbiaji wa ufukweni hufunga mdomo na kupumua kwa pua hadi wingu lipite.

Radi si ya kubishana nayo. Anayeisikia akiwa njiani huingia ndani ya nyumba, wala hajikingi chini ya mti. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi kwa ajili ya watumiaji wa ziwa, na tahadhari hizo humfaa mkimbiaji kama zinavyomfaa mvuvi.

Joto na maji ya mwili

Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Hewa yenye unyevu mwingi huzuia jasho kukauka, likabaki linadondoka bila faida. Kuzoea joto huchukua siku 7 hadi 14 za mazoezi mepesi: damu huongezeka majimaji, jasho huanza mapema na hubeba chumvi kidogo kuliko awali. Mkimbiaji wa Mara huwa na sehemu ya mazoea haya tayari. Anayeshuka kutoka Tarime, kwenye baridi ya milimani, hana budi kuyapata.

Kunywa maji kidogo ni hatari, na kunywa mengi kupita kiasi ni hatari isiyotajwa sana. Utafiti uliofanywa kwa washiriki 488 wa Boston Marathon ya mwaka 2002 na kuchapishwa mwaka 2005 ulikuta asilimia 13 wamepungukiwa na chumvi katika damu, na walioongezeka uzito wakati wa mbio, yaani waliokunywa kuliko walivyotoa jasho, ndio waliokuwa hatarini zaidi. Kunywa kwa kufuata kiu kunawatosha wengi.

Mashindano makubwa yenyewe yamelazimika kulisujudia jua. Mjini Doha, Septemba 2019, marathoni ya wanawake ya Mashindano ya Dunia ya Riadha ilianzishwa karibu na saa 6 usiku, na bado wakimbiaji 28 kati ya 68 hawakumaliza. Marathoni za Olimpiki ya Tokyo zilihamishiwa Sapporo, kaskazini mwa Japani, kwa kukimbia joto. Siku ya mbio za wanaume, Agosti 8, 2021, joto lilifuata hukohuko na wakimbiaji 30 kati ya 106 wakaishia njiani. Mtanzania Alphonce Simbu alimaliza wa saba.

Majeraha ya kawaida

Yanayoongoza ni maumivu ya mbele ya goti, ya ugoko, ya kano ya kisigino na ya unyayo. Mengi hayatokani na ajali bali na haraka: kilomita zinaongezwa kabla mifupa na kano hazijazoea. Moyo na mapafu huimarika kwa wiki chache, kano huchukua miezi. Ufa mdogo kwenye mfupa wa ugoko huanza kwa maumivu ya nukta moja yanayozidi kila hatua, na dawa yake ni kuacha kukimbia kwa wiki kadhaa. Njia za kisiwa huongeza tatizo moja: ni fupi, hivyo mbio ndefu huwa ni kuzunguka palepale. Anayezunguka upande mmoja tu, kwenye ardhi iliyoinama kuelekea majini, huumiza mguu uleule. Kubadili mwelekeo kila siku hakugharimu kitu.

Malaria haimo katika vitabu vya majeraha ya wanariadha, lakini kwa ukanda wa Ziwa ingefaa iwemo. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, alisumbuliwa nayo kabla ya Olimpiki ya Montreal ya 1976, ambayo hata hivyo Tanzania iliisusia. Mwenye homa hakimbii, hupima kwanza.

Suleiman Nyambui

Mwanariadha mkubwa kuliko wote waliotoka mwambao huu ni Suleiman Nyambui, aliyezaliwa Majita mwaka 1953. Alikuwa mwalimu kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, Marekani. Mji huo wa jangwani uko kwenye mwinuko unaokaribiana mno na wa Ziwa Victoria, ila hewa yake ni kavu na kiangazi chake hupita nyuzi 35: pumzi ileile, jasho jingine. Mwaka 1980 alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Alihamia marathoni baadaye, umri ukiwa umepita miaka 30, na akashinda Berlin Marathon mara mbili mfululizo, 1987 na 1988. Kasi yake ya uwanjani inasifiwa kila mahali. Kwa makala hii la kuangaliwa ni kwamba miguu yake ilidumu.

John Stephen Akhwari

Hakuna jeraha la Mtanzania lililosimuliwa kuliko la Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Oktoba 20, 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, misuli yake ilianza kukaza. Karibu na kilomita ya 19, katika msongamano wa kugombea nafasi, alianguka. Goti likateguka, bega likagonga lami. Alifungwa bandeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani giza likiwa limeshuka na watazamaji wamebaki wachache, akamaliza kwa saa 3:25:27, wa 57 na wa mwisho. Walioanza walikuwa 75. Mmoja wa walioacha ni Abebe Bikila, bingwa wa 1960 na 1964, aliyekuwa amekwenda Mexico na mguu mgonjwa. Maneno ya Akhwari, kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza, yamerudiwa katika hotuba nyingi za michezo nchini tangu hapo.

Picha ya bandeji imefunika habari iliyo bora kwa mwenye kujeruhiwa. Akhwari alipona. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, kwenye hewa ya baridi, alimaliza wa tano kwa saa 2:15:05. Kijana anayechechemea mazoezini hana kazi ya kuiga Mexico. Mexico ilikuwa siku ya mashindano. Jumanne ya kawaida mazoezini, Bikila aliyeacha mbio ndiye mwalimu.

Tiba na uangalizi

Kifundo kilichoteguka hupumzishwa, hufungwa na kuinuliwa. Barafu husaidia maumivu, na kwenye mialo ya samaki si bidhaa adimu; hufungwa kwenye kitambaa, haiwekwi moja kwa moja kwenye ngozi. Kuchua kwa nguvu siku za kwanza, desturi ambayo bado ina wapenzi wengi, huongeza uvimbe. Vidonge vya maumivu kama diclofenac kabla ya mbio ndefu katika joto huweza kudhuru figo. Kuogelea husifiwa kama zoezi la kuupumzisha mguu, lakini maji ya kina kifupi ya ziwani yana kichocho, na kichocho kisichotibiwa hupunguza damu.

Jeraha kubwa linalopatikana kisiwani huvushwa kwa boti hadi Musoma, iliko Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere eneo la Kwangwa. Upepo ukiwa mkali, safari husubiri.

Hali ya sasa

Mbio za barabarani zimeenea nchini tangu Kilimanjaro Marathon ianze Moshi mwaka 2003, na Kanda ya Ziwa ina Rock City Marathon ya Mwanza. Mwaka 2022 Gabriel Geay aliweka rekodi ya taifa ya saa 2:03:00 mjini Valencia, na Aprili 2023 alikuwa wa pili Boston katika mvua nyepesi, mbele ya Eliud Kipchoge. Septemba 15, 2025, katika joto na unyevu wa Tokyo, Simbu alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya Mashindano ya Dunia. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48.