Walioketi Dawati Moja

Katika parokia nyingi za nchi yetu hufika siku ambapo wazee hukusanyika katika uwanja wa shule yao ya zamani. Wengine huja wakitegemea fimbo, wengine huletwa na wajukuu kwa pikipiki. Misa husomwa kwa ajili ya walimu na wenzao waliofariki. Kisha mmoja wao huchukua karatasi na kuita majina ya darasa, moja baada ya jingine, kama mwalimu alivyofanya kila asubuhi. Walio hai hujibu. Kwa kila jina lisilojibiwa huwa kimya kidogo, halafu mtu husema kwa sauti ndogo: alifia mahali fulani, mwaka fulani. Mara nyingi majina yasiyojibiwa huzidi yale yanayojibiwa. Baada ya hapo ndipo hufuata chakula, kicheko, na majina ya utani ambayo wajukuu hawajapata kuyasikia.

Kijana anayebeba viti siku hiyo hudhani kwamba hii ni sherehe ya wazee tu, nayo haimhusu. Lakini mikutano ya namna hiyo ina historia ndefu katika Kongo. Kuna wakati ambapo chama cha wanafunzi wa zamani kilikuwa kati ya mahali pachache ambapo Mkongomani aliweza kusimama mbele ya wenzake na kusema aliyoyafikiri. Historia hiyo ina mambo ya kujivunia na mambo ya kusikitisha. Yafaa tuyajue yote mawili.

Chama kilichoruhusiwa

Mwaka 1925, huko Léopoldville, Padri Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut ambaye watu wa mji walimwita Tata Raphaël, alianzisha chama cha wanafunzi wa zamani wa shule za mapadri wake. Chama hicho kiliitwa ADAPES. Baadaye wanafunzi wa zamani wa Mabruda wa Shule za Kikristo nao walikuwa na chama chao, ASSANEF, na wale wa Mabruda Wamaristi walikuwa na UNELMA.

Serikali ya kikoloni haikuviogopa vyama hivyo. Havikuwa vyama vya siasa, na vilikuwa chini ya macho ya wamisionari. Ndani yake watu walicheza mpira na michezo ya kuigiza, walisoma vitabu na kusaidiana wakati wa msiba. Wengi wa wanachama walikuwa makarani, walimu na wauguzi. Hao walijua kusoma na kuandika sawasawa na Mzungu aliyewaamuru, lakini walilipwa kidogo mno kuliko yeye, na jioni walirudi kulala katika mtaa waliotengewa watu weusi.

Hata hivyo, katika vikao hivyo walijifunza mambo ambayo hayakuwamo katika vitabu vyao vya shule. Walijifunza kumchagua mwenyekiti kwa kura, na kumwondoa bila ugomvi muda wake unapokwisha. Walijifunza kuandika kumbukumbu za mkutano, kutunza fedha za wengine, kupinga wazo la rafiki bila kuwa adui yake. Ni mambo madogo, lakini nchi isiyo na watu wanaoyajua haiwezi kujitawala. Bila kukusudia, ukoloni uliacha shule nyingine ya pili ifunguliwe ndani ya vyama vile.

Mwaka 1946 wasomi waliotoka katika vyama hivyo walikutana katika umoja ulioitwa UNISCO. Hapo ndipo Joseph Kasa-Vubu, aliyekuwa amesoma seminari, akawa mwalimu na baadaye karani wa fedha, alitoa hotuba juu ya haki ya wenyeji wa kwanza wa ardhi. Hotuba hiyo iliwashtua watawala. Chama cha watu waliokuja kukumbuka shule yao kilikuwa kimeanza kuuliza swali la nchi nzima: ardhi hii ni ya nani?

Waliojiombea na walioombea wengine

Tusiwapambe wazee wetu kupita kiasi. Katika miaka ile ya kwanza baada ya vita, wengi wa wasomi hao walijiombea wao wenyewe kwanza. Walitaka watofautishwe na umati wa watu. Mwaka 1948 serikali iliwatolea kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 ikawafungulia njia ya kuandikishwa katika hali iliyokaribia ile ya Wazungu. Aliyeomba alichunguzwa hata ndani ya nyumba yake, jinsi anavyokula na jinsi anavyoishi na mke wake. Waliopata walikuwa wachache sana, na hata hao waligundua kwamba kadi haikuondoa dharau.

Mwaka 1956 sauti ilibadilika. Kikundi cha Wakatoliki wa Léopoldville, kati yao Joseph Ileo na Joseph Ngalula, wakisindikizwa kwa ushauri na Padri Joseph Malula, walitoa katika gazeti lao Conscience africaine tangazo lililojulikana mahali pote. Profesa mmoja Mbelgiji, Van Bilsen, alikuwa amependekeza mpango wa miaka 30 wa kuikomboa Kongo. Wao walikubali muda huo, lakini wakadai kwamba Wakongomani wenyewe washirikishwe katika kuupanga, na kwamba ukombozi uwe wa watu wote. Mwezi wa Agosti mwaka uleule, ABAKO ya Kasa-Vubu ilijibu kwamba hata miaka 30 ni mingi mno. Miaka minne baadaye, tarehe 30 Juni 1960, nchi ilikuwa huru.

Dawati moja, kambi mbili

Sasa tufike kwenye sehemu inayouma. Watu hawa walifahamiana tangu ujana. Kasa-Vubu na Malula wote wawili walipitia seminari kuu ya Kabwe, huko Kasai; mmoja alitoka kabla ya upadri, mwingine akapewa daraja mwaka 1946. Jean Bolikango, aliyefundisha kwa miaka mingi katika shule za Scheut, alikuwa ameiongoza ADAPES. Tarehe 24 Juni 1960, Bunge na Seneti walipopiga kura ya kumchagua Rais wa kwanza wa nchi, wagombea wawili walikuwa Kasa-Vubu na Bolikango. Kasa-Vubu alipata kura 159, Bolikango kura 43. Nafasi ya juu kuliko zote katika nchi ilishindaniwa na watu wawili waliokuwa wamefanya kazi pamoja katika vyama vilevile vya wanafunzi wa zamani.

Miezi miwili na nusu haikupita, nchi ikapasuka. Tarehe 5 Septemba Rais Kasa-Vubu alimwachisha kazi Waziri Mkuu Patrice Lumumba na kumweka Joseph Ileo mahali pake. Bolikango akawa waziri katika serikali ya Ileo. Lumumba, aliyekuwa karani wa posta na kiongozi wa vyama vya wasomi huko Stanleyville, aliuawa Katanga mwezi wa Januari 1961. Kasa-Vubu mwenyewe aliondolewa na jeshi tarehe 24 Novemba 1965, akafariki Boma mwaka 1969.

Shule na vyama viliwafundisha watu hawa kupingana kwa adabu ndani ya ukumbi. Havikuweza kuwakinga dhidi ya tamaa ya madaraka, fedha za wageni na hofu ya kabila kwa kabila. Tukisema leo kwamba tunapendana kwa sababu tulisoma pamoja, tukumbuke kwamba wao pia walisema hivyo. Urafiki wa shuleni ni mbegu nzuri, lakini isipotunzwa baada ya shule haivumilii jua la kwanza.

Tuone pia ni nani hakuwamo katika picha hizo za zamani. Katika vyama vile vya kwanza wanaume walikuwa karibu peke yao, kwa kuwa wasichana waliofikishwa sekondari walikuwa wachache mno. Sophie Kanza alikuwa mwanamke Mkongomani wa kwanza kupata shahada ya chuo kikuu, huko Lovanium mwaka 1964. Mwaka 1966 akawa waziri. Uhuru ulikuwa umekwisha kutimiza miaka minne kabla ya binti mmoja kufika hapo. Bibi zetu wanaokutana leo na wenzao wa lise ya masista walipita mlango mwembamba sana.

Wazee wa leo

Wazee mnaowaona wakikutana leo ni wa kizazi kilichofuata. Aliyeanza darasa la kwanza mwaka 1960 amekwisha kupita miaka 70. Alijifunza kuandika huku bendera ikibadilishwa. Mashariki mwa nchi, maasi ya mwaka 1964 yalifunga shule nyingi, na wengine walipoteza walimu wao, mapadri, masista na walei, waliouawa. Waliofika mwisho wa sekondari walikuwa kati ya wa kwanza kufanya mtihani wa serikali, ulioanzishwa mwaka 1967.

Kisha majina yao yalibadilishwa. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire, na mwanzoni mwa 1972 kila raia aliamriwa kuacha jina la ubatizo la kigeni. Kardinali Malula, aliyekataa matawi ya vijana wa chama tawala yasiingizwe katika seminari, ilimbidi kwenda Roma kwa miezi kadhaa. Vyama vya vijana vya Kanisa vilikatazwa mwaka huohuo, ili kila kijana awe wa chama kimoja tu. Mwishoni mwa mwaka 1974 serikali ilizitwaa shule za Kanisa, na somo la dini likaondolewa. Shule zilipokwisha kudhoofika, serikali iliwaita tena viongozi wa dini, na tarehe 26 Februari 1977 mapatano yalitiwa sahihi. Ndiyo sababu hata leo tunasema shule zenye mapatano na serikali.

Sasa mtaelewa kwa nini, karatasi ile inaposomwa, mzee mnayemfahamu kwa jina la ukoo huitwa Yosefu, Petro au Klementina, naye huinua mkono kama mtoto. Jina lililofutwa katika kitambulisho lilibaki salama midomoni mwa wenzake. Na katika miaka ile ambapo kikundi cha vijana wa parokia hakikuweza kukutana waziwazi kama zamani, wengi wao walishikana kwa mikono hiyohiyo. Vikundi vipya vilizaliwa ndani ya Kanisa, kama Bilenge ya Mwinda huko Kinshasa, na baadhi yenu ni matunda ya uvumilivu huo.

Daftari la mahudhurio halina kabila

Kuna jambo la mwisho, nalo ndilo gumu zaidi. Mwaka 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi. Mwaka 1993, huko Masisi, majirani waliuana. Waliofukuzwa na waliofukuza, waliokimbia na waliobaki, wengi wao walikuwa wamesoma darasa moja. Daftari la mwalimu liliwaandika kwa mpangilio wa herufi, wala si kwa kabila.

Ndiyo maana mkutano wa wazee si jambo dogo. Anayeandaa orodha ya walioalikwa hupaswa kuamua: je, tutamwita na yule ambaye familia yake ilifukuzwa? Tutamwita na yule ambaye ndugu zake waliwafukuza wengine? Na waliokufa upande ule, majina yao yatasomwa katika Misa ileile? Kukisomwa orodha nzima, bila kuruka mtu, wazee hao hufanya kazi ambayo mikutano mingi ya wakubwa imeshindwa kuifanya. Kukirukwa jina moja, kila aliyeketi pale hujua, hata asiposema neno.

Vijana wapendwa, wazee hawa hawatakutana mara nyingi tena. Kila mwaka karatasi inakuwa na sauti chache zaidi. Mkiitwa kubeba viti, bebeni, kisha msiondoke. Ketini karibu nao. Ombeni kuiona picha ya darasa, na mwandike nyuma yake kwa kalamu majina ya waliomo, kutoka kushoto kwenda kulia, maana picha isiyo na majina hufa pamoja na mtu wa mwisho anayewajua.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika parokia yetu, ni shule ipi ya zamani kuliko zote, na ni nani aliye hai bado kati ya wanafunzi wake wa kwanza? Nani kati yetu atamtembelea mwezi huu?

2. Katika vikao vyetu, je, tunajua kuchagua viongozi, kutunza fedha na kupingana bila kuwa maadui? Tunakosa nini?

3. Kama sisi tukikutana baada ya miaka hamsini, jina la nani linaweza kurukwa? Tunaweza kufanya nini tangu leo ili lisirukwe?