Ladudi, Salfa na Idhini ya Mgonjwa

Mwezi Agosti 2001 Tanzania iliiondoa klorokwini katika nafasi ya dawa ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikwisha kuizoea, ikaweka SP, ambayo wengi tuliijua kwa jina la Fansidar. Kwetu Rujewa, katika bonde la Usangu lenye majaruba ya mpunga na mifereji, na kwa hiyo lenye mbu wa kutosha, jambo hili halikuwa habari ya magazetini tu. Klorokwini tuliijua: uchungu wake, na ule muwasho uliomfanya mtu akeshe akijikuna. SP ilikuwa na salfa, ikaja na maneno yake: inababua ngozi, inaua.

Maneno hayo hayakuwa uzushi mtupu, wala hayakuwa ukweli mzima. Katika miaka ya 1980 Wamarekani waliokuwa wakisafiri nchi za malaria walimeza Fansidar kila wiki kama kinga. Wataalamu wao walikadiria kwamba alikufa mmoja katika kila watumiaji 11,000 hadi 25,000, kwa mzio mkali wa ngozi. Lakini hao walikuwa wakirudia dozi wiki baada ya wiki. Mgonjwa wetu alimeza vidonge vitatu mara moja, na hatari yake ilikuwa ndogo zaidi, ilhali malaria iliyoachwa bila tiba humuua mtoto kwa siku chache. Nani alimweleza hayo mama aliyesimama dirishani na mtoto mgongoni? Mara nyingi alipewa vidonge na maji. Wapo waliovificha kwenye kanga wakaenda navyo nyumbani, na sisi tukawalaumu kwa ujinga.

Hapa inafaa tuirejee Sunna. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.), katika maradhi yake ya mwisho, alitiliwa dawa mdomoni, nayo ndiyo ladudi. Aliashiria wasimpe. Wao wakadhani ni kawaida ya mgonjwa kuchukia dawa. Alipopata nafuu aliwahoji kwa kuwa alikwisha wakataza, akaamuru kila aliyekuwamo nyumbani atiliwe dawa ile ile, isipokuwa Abbas (r.a.), ambaye hakuwapo. Ibn Hajar ameeleza kwamba dawa ile haikulingana na maradhi yake, kwani wao walidhani ana ugonjwa wa mbavu. Tazama basi: waliompa walikuwa watu wake, wanaompenda kuliko nafsi zao, na bado kukataa kwake kulikuwa na sababu ambayo hawakuiuliza.

Mafakihi walilijenga hili. Ibn Qudama (aliyefariki 620 Hijria) anasema tabibu hodari asiyekosea mkono hatozwi fidia akiwa na idhini. Akimkata mtu bila idhini, au mtoto bila idhini ya walii wake, na madhara yakaenea, anadhamini. Ibn al-Qayyim aliisimulia kauli hiyo, kisha akaona upo uwezekano wa kumsamehe kwa kuwa ni mtu mwenye kutenda wema. Sisi twaielemea kauli ya kwanza. Na idhini ya mtu asiyeelezwa anachokiridhia, kwa maoni yetu, ni idhini ya jina tu.

Mwishoni mwa 2006 dawa ya mseto ilianza kuchukua nafasi ya SP katika kutibu malaria, na mjadala ukanyamaza. Salfa yenyewe haikuondoka. SP bado hupewa wajawazito kliniki kama kinga, na kotrimoksazoli, ambayo nayo ni salfa, hupewa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Ndiyo maana mjamzito anayemeza kotrimoksazoli hapewi SP. Muuguzi huuliza: "Una mzio wa salfa?" Mama hujibu hapana, kwa sababu neno salfa hajalisikia. Angeulizwa kama amewahi kutokwa na malengelenge au kuvimba midomo baada ya dawa yoyote, angekumbuka. Maimamu wenzetu wanaotembelea wagonjwa wanaweza kuliuliza swali hilo kwa Kisangu, na kumwambia aliyejibu ndiyo aende na ganda la dawa ile kliniki, jina lake liandikwe kwenye kadi.