Keki ya Malkia Victoria na Sukari Yake

Leo nawaletea habari za keki. Msicheke. Tarikhi si vita na wafalme tu. Chakula nacho kina tarikhi yake, na mara nyingi ndicho kituonyeshacho jinsi watu wa zamani walivyoishi, na ni nani waliotaabika ili wengine wale.

Keki ninayoitaja huitwa kwa jina la Malkia Victoria wa Uingereza, aliyetawala tangu mwaka 1837 hata 1901. Ni mikate miwili laini, mmoja juu ya mwenziwe, na katikati imepakwa jamu ya matunda. Huliwa alasiri pamoja na chai.

Desturi ya chai ya alasiri si ya kale sana. Waingereza wakuu walikuwa wakikisogeza mbele chakula chao kikubwa, hata kikafika saa mbili ya usiku. Yasimuliwa kwamba yapata mwaka 1840 Anna, mke wa Duke wa Bedford, mmoja wa mabibi waliomhudumia Malkia, alichoka kuvumilia njaa, akaamuru aletewe chai na mkate chumbani mwake; kisha akawaalika rafiki zake, na desturi ikaenea.

Lakini keki laini ilikuwa kazi ya kuchosha mkono. Mpishi asiyetaka kutia hamira hakuwa na cha kuiumua ila hewa aliyoipiga ndani ya mayai, na vitabu vya upishi vya karne ya 18 vyaagiza mayai yapigwe muda wa saa nzima. Ndipo mwaka 1843 Alfred Bird, mwuza dawa wa Birmingham, alipotengeneza unga wa kuumulia, kwa kuwa mkewe hakuweza kula kitu chenye hamira. Unga huo una vitu viwili, kimoja kikali kama ndimu, na kimoja cha namna ya magadi. Vikilowa hupambana na kutoa hewa, na hewa hiyo huliinua rojo tanurini.

Jina la Victoria twalikuta katika kitabu cha Isabella Beeton cha kazi za nyumbani, kilichotolewa mwaka 1861, bibi huyo akiwa na umri wa miaka 25. Kanuni yake ni nyepesi: chukua mayai manne, uyapime, kisha siagi, sukari na unga wa ngano, kila kimoja kiwe sawa na uzito wa mayai, na chumvi kidogo. Mwenye mizani hahitaji mawe ya ratili. Mayai yenyewe ndiyo mawe. Unga wa Bird hakuutia; wapishi waliomfuata ndio waliouongeza. Wako wasemao kwamba keki ilipewa jina hilo Malkia alipokuwa akiomboleza kufiwa na mumewe, Albert. Hadithi hiyo siikubali, maana Albert alikufa Desemba 1861, na kitabu kilikuwa kimekwisha kutoka Oktoba.

Sasa tuitazame sukari, maana hapo ndipo habari inapokuwa nzito. Sukari ya Waingereza ililimwa Jamaika, Barbados na visiwa vingine kwa mikono ya Waafrika waliochukuliwa utumwani. Katika miaka ya 1791 na 1792 Waingereza wengi, wanawake hasa, waliikataa mezani pao. Biashara ya watumwa ikakatazwa mwaka 1807, na sheria ya kuwaacha huru ikaanza kazi 1834. Lakini fidia ya pauni milioni 20 walipewa mabwana, wala watumwa hawakupata hata peni. Kisha mwaka 1846 Bunge likapitisha sheria ya kupunguza ushuru wa sukari ya nchi nyingine hatua kwa hatua, hata ulingane na ule wa makoloni. Kwa mlango huo ikaingia sukari ya Cuba na Brazil, na huko utumwa ulidumu hata 1886 na 1888. Mwaka 1874 ushuru wa sukari uliondolewa kabisa, na watu wa kipato kidogo nao wakaweza kuinunua. Basi keki ile, katika nchi iliyojisifu kwa kuvunja utumwa, huenda ilikolezwa kwa jasho la mtumwa wa Cuba, na mlaji hakuwa na njia ya kulionja. Wala sisi wa pwani tusiwanyoshee wao peke yao kidole: karafuu za Unguja na Pemba nazo zilichumwa na watumwa, na amri ya kuuvunja utumwa huko ilitolewa mwaka 1897.

Katika Vita Vikuu vya Pili, tangu Januari 1940, siagi na sukari zilitolewa kwa kadi huko Uingereza, na mgawo wa sukari haukuisha hata 1953.

Asiye na tanuri naye aweza kuipika, kama wapikavyo mkate wa mayai huku pwani: sufuria nzito, makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Siagi na sukari zipigwe mpaka ziwe nyeupe, mayai yatiwe moja moja, unga uchanganywe polepole. Na kifuniko kisifunuliwe mapema, kwani keki itashuka katikati.