Pool ya mfululizo: Mchezo wa subira unaokwamishwa na foleni ya meza za Nyeri

MPITA njia wa jioni mtaani Kamakwa mjini Nyeri, au karibu na soko la Karatina, au Chaka, Narumoru na Nanyuki, hakosi kusikia mlio wa mipira ikigongana. Meza ya pool imekuwa sehemu ya miji inayouzunguka Mlima Kenya sawa na kibanda cha M-Pesa na duka la kinyozi.

Utaratibu wake haubadiliki. Sarafu huingizwa, mipira 15 huporomoka kwa kishindo, hupangwa katika fremu ya pembetatu, na mmoja wa wachezaji hupiga pigo la kuivunja. Dakika chache baadaye mpira mweusi hutumbukia shimoni, aliyeshindwa huweka fimbo chini na aliyekuwa akingoja zamu huichukua. Mshindi hubaki mezani.

Mchezo huo wa mpira mweusi umeenea kiasi kwamba wengi huamini pool ni huo tu. Ilhali ni mmoja katika ukoo mpana wa biliadi, na katika ukoo huo kuna mwingine ambao kwa miongo mingi ulikuwa kipimo cha bingwa nchini Marekani. Huko huitwa straight pool. Katika makala haya utaitwa pool ya mfululizo. Ni nadra kuuona katika baa za Kati mwa Kenya, na sababu zake ni tofauti na zile ambazo mtu angezidhania.

Kanuni zake ni chache. Mchezaji anaruhusiwa kupiga mpira wowote kati ya ile 15, bila kujali rangi wala nambari, mradi autaje kabla ya kupiga na ataje pia shimo utakaloingia. Kila mpira ni pointi moja. Akifaulu anaendelea, akikosa anampisha mwenzake. Wanaoshindana hukubaliana mapema kiwango cha ushindi, aghalabu pointi 100, 125 au 150.

Kwa kuwa mipira ni 15 tu, pointi 100 haziwezi kupatikana bila kuipanga upya mara kadhaa. Hapo ndipo ulipo uhondo wa mchezo wenyewe. Mipira 14 ikishaingia, wachezaji husimama kidogo. Ile 14 hurejeshwa katika pembetatu huku nafasi ya mbele ikiachwa wazi, na ule wa 15 huachwa pale pale ulipo. Mpira mweupe pia hausogezwi. Kisha mchezaji yule yule huendelea.

Mpira huo uliosalia ndio ufunguo. Mchezaji hodari huwa ameuchagua mapema, akauacha kando ya mahali pembetatu itakapowekwa, na akauweka mpira mweupe mahali ambapo kwa pigo moja atautumbukiza ule wa 15, na papo hapo mweupe uende kuipasua ile 14 iliyoshikana. Akifaulu, meza nzima hufunguka mbele yake. Akikosea hata kwa upana wa kidole, mweupe hukwama katikati ya kundi au pembetatu hubaki kama ilivyokuwa, na pointi 40 alizokwisha kukusanya hazimsaidii kupata ya 41.

Anayeutwaa utaratibu huu kuwa wepesi kwa kuwa mtu anaruhusiwa kupiga mpira wowote hajawahi kuujaribu. Uhuru huo ndio mtihani. Mchezaji wa mpira mweusi hupewa mipira yake saba na ile mingine si kazi yake, isipokuwa inapomzuia. Mchezaji wa mfululizo hutazama mipira yote na kujiuliza ni ipi itoke sasa, ni ipi ingoje, na ni upi usiguswe kabisa hadi mwisho. Wazee wanaocheza drafti kwa vifuniko vya soda sokoni wangemwelewa upesi kuliko vijana walio karibu na meza.

Chimbuko la mchezo

Neno lenyewe la pool lina historia isiyopendeza. Lilimaanisha fedha za dau zilizokusanywa pamoja ili achukue mshindi. Katika karne ya 19 nchini Marekani, vyumba vya kubetia mbio za farasi viliitwa kwa jina hilo, na wenye vyumba wakaweka meza za biliadi ili wateja wapitishe muda wakingoja matokeo ya mbio. Jina la kamari likahamia mezani, na sifa mbaya nayo ikahama. Wazazi wa Othaya na Mukurwe-ini wanaolalamika kwamba meza inawaharibia vijana wanarudia, bila kujua, lalama ya zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa pool nchini Marekani yalifanyika mwaka 1878 na kutwaliwa na Cyrille Dion wa Canada. Wakati huo pointi zilifuata nambari iliyoandikwa juu ya mpira. Jumla ya nambari 1 hadi 15 ni 120, hivyo aliyefikisha 61 alikuwa ameshinda. Dosari ilikuwa wazi: mtu angeweza kutumbukiza mipira michache yenye nambari kubwa akamshinda aliyetumbukiza mingi. Mwaka 1888 ikakubaliwa kwamba kila mpira uhesabiwe pointi moja.

Hata hivyo, mipira yote 15 ilipokwisha, ilipangwa upya yote, na hakuna aliyetaka kuivunja pembetatu na kumfungulia mpinzani. Mchezo ulizorota kwa mapigo ya kujilinda. Mnamo 1910 mchezaji Jerome Keogh akapendekeza mpira mmoja uachwe nje. Badiliko hilo dogo ndilo lililozaa mchezo unaojulikana hadi leo kwa nambari 14.1, na mwaka 1912 ukaanza kutumika kuamua ubingwa.

Bingwa wake aliyevuma zaidi alikuwa Willie Mosconi, aliyetwaa taji la dunia mara 15 kati ya 1941 na 1957. Machi 1954, katika maonyesho mjini Springfield, jimbo la Ohio, alitumbukiza mipira 526 bila kukosa, yaani zaidi ya pembetatu 37 mfululizo. Rekodi hiyo ilidumu miaka 65 hadi John Schmidt alipofikisha 626 huko California mwaka 2019, na Jayson Shaw wa Scotland akafikisha 714 mwaka 2022.

Takwimu hizo hudokeza kivutio cha pekee cha mchezo huu: mchezaji ana nambari yake. Katika mpira mweusi mtu husema ameshinda mara nne au kumi, lakini alimshinda nani, na kwa bahati kiasi gani? Anayecheza mfululizo huweza kusema kwamba mwezi uliopita alifikisha mipira 18 na mwezi huu 23. Anaweza kufanya mazoezi peke yake asubuhi bila mpinzani na bado akajua kama anapanda au anashuka.

Tofauti na ndugu zake

Ukilinganishwa na mchezo wa mipira tisa, ambao humlazimu mtu kugusa kwanza mpira wenye nambari ndogo zaidi, ule wa mfululizo hauna nafasi ya bahati nasibu. Katika mipira tisa, kwa kanuni zinazofuatwa mahali pengi, mpira wa tisa ukiingia popote baada ya pigo halali ni ushindi, hata kama mpigaji mwenyewe ameshangaa. Katika mfululizo, mpira ulioingia shimo ambalo halikutajwa hauhesabiwi.

Snuka, ambayo inaaminika kuasisiwa na afisa wa jeshi la Uingereza, Neville Chamberlain, mjini Jabalpur, India, mwaka 1875, inaukaribia zaidi mfululizo kwa roho. Humo pia mtu hukusanya pointi kwa zamu ndefu, na upeo unaotajwa ni 147. Lakini meza yake ina urefu wa futi 12, mipira ni 22, na nchini Kenya snuka pamoja na biliadi ya Kiingereza zilifika kama michezo ya vilabu. Zama za ukoloni, Nyeri na Nanyuki zilikuwa miji ya walowezi, na katika vilabu vyao Mwafrika aliingia kama mtumishi. Meza ndogo ya sarafu ndiyo iliyoufikisha mchezo wa fimbo na mipira kwa kijana wa kawaida, na hilo halipaswi kusahauliwa na wanaoidharau.

Swali ni kwa nini meza hiyo hiyo haikuleta mchezo wa mfululizo. Jibu la haraka ni kwamba meza ya sarafu humeza mipira. Si jibu kamili. Mipira iliyomezwa hukaa tumboni mwa meza hadi sarafu nyingine iingie. Kwa hiyo mipira 14 ikishatumbukia na mmoja ukabaki juu, sarafu moja huitoa yote 14, na pembetatu hupangwa kama Keogh alivyotaka. Mpira mweupe hurudi kivyake kila unapoingia shimoni. Kinachokosekana ni njia ya kurudisha juu ya meza mpira ulioingia kimakosa, na hilo hutatuliwa kwa makubaliano: mpira hauhesabiwi na aliyekosea hupunguziwa pointi moja.

Hata gharama si kizuizi. Pointi 100 zinahitaji pembetatu nane hivi, yaani sarafu nane. Mahali panapolipishwa Sh20, hiyo ni Sh160 kwa watu wawili, na wanaobaki mezani jioni nzima kwa mpira mweusi hutumia zaidi ya hapo.

Kizuizi ni foleni. Katika baa yenye meza moja na vijana wanane wanaongoja, zamu hupimwa kwa dakika. Mchezo wa kufikisha 100 unaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na wakati mmoja akiendelea kutumbukiza, mwenzake hukaa kitini akitazama. Mwaka 1966, katika fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani, Irving Crane alitumbukiza mipira 150 mfululizo na kumaliza mchezo huku Joe Balsis akiwa ameketi. Ni watu wachache wa Karatina ambao wangekubali kutoa sarafu yao ili waketi kama Balsis.

Jambo la pili ni dau. Mchezo mfupi huzaa dau nyingi. Mshindi hujulikana upesi, fedha hubadilisha mikono na wengine huingia. Mfululizo haumpi mcheza kamari nafasi hizo, na pengine hiyo ndiyo sifa yake kubwa kwa miji ya eneo hili, ambako msimu wa bonasi ya majanichai huleta pesa mkononi kwa mkupuo.

Kuna pia suala la mahali. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho kutokana na aliyekuwa mbunge wa Naivasha, iliweka saa za baa kuwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Baada ya vifo vya watu zaidi ya kumi waliokunywa pombe haramu Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, Februari 2024, msako dhidi ya vileo ulizidi, na lolote lililo karibu na chupa likatazamwa kwa jicho kali. Madhali meza imo ndani ya baa, haiwezi kukwepa jicho hilo, na saa za mchana, ambazo ndizo zingefaa kwa mchezo mrefu usio na foleni, meza hiyo huwa imefungiwa.

Ni haki kukiri kwamba hata ulikozaliwa, mchezo huu ulipoteza enzi. Filamu The Hustler ya 1961, ambayo Mosconi alikuwa mshauri wake wa kiufundi, ilionyesha pool ya mfululizo. Iliyoifuata mwaka 1986, The Color of Money, ilihamia mipira tisa. Runinga haikuwa na subira ya saa mbili. Mchezo uliendelea kuheshimiwa zaidi Ulaya, hasa Ujerumani, na Mjerumani Thorsten Hohmann ndiye aliyetwaa ubingwa wa dunia uliofufuliwa mwaka 2006.

Kwa anayetaka kuujaribu Nyeri, meza yenyewe inahitaji kuangaliwa kwanza. Nyingi husimama juu ya sakafu isiyo sawa na huegemezwa kwa kipande cha kadibodi. Katika mpira mweusi watu huzoea mteremko. Katika mfululizo, ambamo mapigo mengi ni ya taratibu na mpira mweupe husogezwa shibiri moja tu, mteremko huvuruga kila hesabu. Baridi na ukungu wa Julai navyo hutia unyevu kwenye kitambaa, mipira ikawa mizito kukimbia. Meza iliyo chumba kikavu ni bora kuliko ya varandani.

Kiwango cha kuanzia kisiwe 100. Pointi 50 zinatosha, nazo humalizika kwa sarafu nne hivi mmoja akitawala, au saba wakikaribiana. Mtu wa tatu ahesabu, kwa chaki ukutani au kwenye karatasi, kwa sababu baada ya pembetatu ya pili wachezaji wenyewe hawatakubaliana walikuwa wamefika wapi.